Shajara ya mradi: kuchanja watoto wa kambi za dagaa kwa kufuata giza na mbalamwezi (Uvinza, Kigoma, 2024)

Mimi ni muuguzi katika zahanati ya kijiji kilicho ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, wilaya ya Uvinza. Tuko watumishi watatu: mganga mfawidhi, mhudumu wa afya mmoja, na mimi ninayeshika kliniki ya mama na mtoto. Kusini mwetu kuna kambi nne za wavuvi wa dagaa ambazo gari halifiki. Ya karibu ni dakika 40 kwa boti ya injini, ya mwisho ni saa mbili na ushei ziwa likiwa limetulia.

Septemba 2023 ilifanyika kampeni ya matone ya polio katika mikoa sita, Kigoma ukiwemo, kwa watoto wenye umri chini ya miaka 8. Ndipo nilipoingia kwenye kambi hizo baada ya muda mrefu. Nilikuta watoto wanaokimbia na kutamka majina yao ambao hawajawahi kuchomwa sindano hata moja. Niliporudi nikafungua MTUHA kitabu namba 7, rejesta yetu ya watoto, wengi wao hawamo. Huwezi kumwita mtoto mtoro wa chanjo kama hujawahi kumwandika. Usiku ule sikulala vizuri, na mradi huu ulianzia hapo.

Fedha ni zile za mfuko wa pamoja wa afya zinazoingia kwenye akaunti ya zahanati, kwa idhini ya kamati ya usimamizi. Ninaandika kila hatua, na hasara zake, ili zahanati nyingine za mwambao zichukue kinachozifaa.

8 Januari 2024: Kuhesabu

Wahudumu wetu wawili wa afya ngazi ya jamii, WAJA, walikaa siku nne kambini na daftari. Hatukuuliza "mtoto wa kijiji gani", kwa sababu swali hilo ndilo lililokuwa likiwatoa watoto kwenye hesabu: baba anatoka Buhigwe, mama Kongo, mtoto kazaliwa kambini. Tuliandika kila mtoto aliyelala pale usiku huo, jina la mama, na jina la chombo anachovulia baba. Chombo ni anwani nzuri kuliko nyumba. Nyumba za mabanzi huhamishwa, chombo hujulikana mwalo mzima.

Watoto chini ya miaka miwili: 63. Waliofikisha wiki 14 na zaidi walikuwa 52, na waliomaliza dozi ya tatu ya penta, sindano moja inayokinga magonjwa matano, ni 19 tu. Waliofikisha miezi 9 walikuwa 36, wenye surua-rubela ya kwanza 14. Na 17 hawakuwa na penta hata moja, ingawa walishafikisha wiki 6. Hao ndio tunaowaita dozi sifuri.

11 Januari: Safari ya kwanza, watoto sita

Tuliondoka saa 12 asubuhi, tukafika kambi ya kwanza saa 1, tukaweka meza na mzani wa kupimia watoto. Wenyekiti wa kambi walishapewa taarifa. WAJA walishapita jioni iliyotangulia. Hadi saa 6 mchana, kambi mbili, tulikuwa tumechanja watoto sita.

Nilikasirika, nikiri. Akina mama walikuwa mbele yetu kabisa, hatua hamsini, wanatuona. Wakawa wameinama tu mchangani.

Bibi mmoja muuza chai ndiye aliyeniketisha. Akaniambia, "Mwanangu, leo ni giza. Umeona vyombo vilivyoingia alfajiri?" Kisha akanieleza kitu ambacho nimeishi kando ya ziwa hili miaka saba bila kukitia akilini. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa huvuta samaki usiku usio na mwezi. Siku za giza vyombo huingia alfajiri vimejaa, mama ananunua ndoo kwa mkopo, anaanika, na kuanzia hapo ni mtumwa wa jua. Dagaa wasipogeuzwa hushikana na kuoza tumbo. Mvua ikidondoka ni kukimbia kuwakusanya. Ukiondoka saa moja kumpeleka mtoto kwenye meza ya nesi, unaweza kurudi ukakuta mtaji wa wiki umeharibika.

"Njooni mbalamwezi," akasema. "Mwezi ukiwa mpevu wanaume wanashona nyavu, na sisi tunasukana."

Sikuwa na la kumjibu. Tulichagua Alhamisi kwa sababu Alhamisi ndiyo siku yetu ya huduma za mkoba, yaani kuwafuata watu walipo, tangu zamani. Hakuna sababu nyingine.

25 Januari: Mbalamwezi, na penta iliyoganda

Mwezi mpevu. Watu walijaa. Kambi ya kwanza peke yake watoto 14, na baba wawili waliokuja wenyewe wamebeba watoto mgongoni. Nilikuwa na furaha isiyo na kifani mpaka kambi ya pili.

Nilichukua kichupa cha penta, nikakiinua juani kama kawaida, nikaona vijisindano vya barafu vinang'aa ndani. Nikachukua kingine, hivyo hivyo. Kipimajoto kilisoma chini ya sifuri.

Kosa lilikuwa langu. Alfajiri ile tulichelewa, nikatoa pakiti za barafu kwenye jokofu la sola na kuzipanga moja kwa moja ndani ya kibebeo, zikiwa kavu na ngumu kama jiwe. Chanjo zote zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8, na sisi watu wa nchi za joto tumefundishwa kuogopa jua kiasi kwamba tunasahau baridi. Penta, PCV (chanjo ya nimonia) na IPV (polio ya sindano) zikiganda zimekufa. Kile kiashiria cha joto kwenye kichupa, kile kimraba ndani ya duara, hakitakuambia. Kinaonyesha joto tu. Kichupa kilichoganda kinaweza kuwa na kimraba cheupe safi kabisa.

Kambi ya kwanza watoto tisa walikuwa wameshachomwa penta na PCV kutoka kibebeo hicho hicho. Nilipanda kwenye jabali kutafuta mtandao, nikampigia mratibu wa chanjo wa wilaya. Aliniambia nisimamishe sindano zote, niendelee na matone ya polio peke yake, ambayo hayadhuriwi na kuganda, na dozi za watoto wale tisa zisihesabiwe, zirudiwe. Tulirudi kambi ya kwanza kabla ya kwenda nyumbani. Nikawaeleza akina mama mmoja mmoja: dawa haikumdhuru mtoto, ila haina nguvu, na kosa ni letu. Nilitegemea matusi. Mmoja akasema tu, "Angalau umerudi kusema."

Nyumbani tulifanya jaribio la kutikisa kwa vichupa ambavyo havikuonekana na barafu. Unachukua kichupa kimoja cha toleo lile lile, unakigandisha makusudi usiku kucha, unakiyeyusha. Kisha unakitikisa pamoja na unachokishuku, unavisimamisha mezani bega kwa bega, unatazama. Kilichoganda huwa na mabonge kama maziwa yaliyokatika, na machicha hushuka chini upesi. Kizima hubaki na ukungu sawasawa kwa muda mrefu. Vyetu vilishuka mwendo mmoja na kile cha makusudi. Tulipoteza vichupa vitatu vya penta na vinne vya PCV.

Tangu siku hiyo pakiti zinatolewa na kupangwa mezani kwanza. Usiangalie saa, kwa sababu asubuhi ya mvua na asubuhi ya kiangazi hazifanani. Itikise pakiti karibu na sikio: ukisikia maji yanacheza ndani, hapo iko tayari. Nimeandika kwenye mlango wa jokofu kwa wino mwekundu: SIKILIZA MAJI.

15 hadi 18 Februari: Kampeni ya surua-rubela

Kampeni ya nchi nzima kwa watoto wa miezi 9 hadi 59. Kambi zetu zilifikiwa. Siandiki mengi hapa, kampeni ina taratibu zake na fedha zake. Nilichojifunza ni kwamba dozi ya kampeni ni ya nyongeza, haifuti dozi za kliniki za miezi 9 na 18, na hilo lazima lisemwe pale pale mtoto anapochomwa. Sisi hatukulisema kwa nguvu. Mpaka Aprili bado nilikuwa najibu, "Si alichanjwa juzi juzi?" Na aliyechomwa kwenye kampeni lazima zipite wiki nne kabla ya nyingine ya surua-rubela.

24 na 25 Februari: Kulala kambini

Shida nyingine ilikuwa muda. Hata siku za mbalamwezi asubuhi kuna kazi: kuteka maji, mihogo, kufua. Saa nzuri ni kuanzia saa 9 alasiri mpaka giza. Lakini ziwa letu alasiri huchafuka, na kuvuka usiku na kasha la chanjo ni kuhatarisha watu. Kwa hiyo ama tuende asubuhi tukose watoto, ama tulale.

Tumelala. Kambi ya tatu tulipewa stoo ya nyavu. Wilaya ilituazima kasha kubwa la baridi, kwa sababu kibebeo kidogo sikukiamini kwa siku mbili. Nilisoma kipimajoto saa 3 usiku, saa 9 usiku na saa 12 asubuhi: 4, 5, 5. Alasiri tulichanja kambi ya tatu, asubuhi mapema ya nne, wakati wa kurudi ya pili na ya kwanza. Wale tisa wa Januari wote walirudiwa. Wote. Mama mmoja alikuwa amehesabu siku kwa mafundo kwenye kamba.

Hapo ndipo likaja jambo la kichupa cha surua-rubela. Kambi ya tatu waliobaki bila chanjo hiyo baada ya kampeni walikuwa wawili tu. Kichupa kina dozi 10. Ukishakichanganya na maji yake, hakitumiki zaidi ya muda wa saa sita. Kikao kikiisha mapema zaidi, kinamwagwa. Mwenzangu aliniangalia akasema, "Tufungue kwa wawili?"

Namwelewa, maana nimefundishwa na wakubwa wangu kutunza dozi, nami nimewafundisha wadogo zangu. Pale zahanati tulikuwa na mazoea ya kuwaambia akina mama, "Njoo Jumatano, siku ya surua," ili watoto wakutane watano au sita. Niliporudi nilipekua daftari la miezi mitatu. Watoto 12 waliambiwa warudi Jumatano. Watano hawakurudi kamwe. Mmoja wao mama yake alikuwa ametembea kutoka kitongoji cha mlimani na mtoto mgongoni.

Tulifungua kwa wawili. Tangu siku hiyo tunafungua hata kwa mmoja, kambini na zahanati, siku yoyote ya kliniki. Upotevu wa dozi umepanda na unaonekana kwenye taarifa, nami nimeuandikia sababu yake waziwazi na kuomba mgao uongezwe. Mjumbe mmoja wa kamati aliuliza, kwa haki kabisa, kwa nini tunamwaga dozi nane. Nilimjibu kwamba mtoto aliyerudishwa leo, kumfuata kesho ni petroli lita 35, na surua haitasubiri wafike watano.

25 na 26 Machi: Kalenda ya msikitini, na mama aliyejificha

Ramadhani. Nilikuwa na wasiwasi wa mfungo, lakini haukutusumbua. Tulianza alasiri na kumalizia baada ya futari kwa taa ya sola. WAJA wetu mmoja ndiye aliyegundua jambo ambalo limeturahisishia mipango yote: hatuhitaji kubahatisha mwezi. Kalenda ya Kiislamu inafuata mwezi mwandamo, kwa hiyo tarehe 13 hadi 17 za kila mwezi wake ni mbalamwezi. Tumebandika kalenda ya msikitini juu ya meza ya kliniki, na ratiba ya mkoba ya mwaka mzima imepangwa kutoka humo. Mganga mfawidhi, ambaye ni Mkristo kama mimi, sasa anajua Mfungo Tatu iko lini kuliko jirani zake.

Kambi ya pili palikuwa na mtoto wa miezi 11 kwenye daftari, kila safari "hayupo". Jioni ile nilienda mwenyewe. Mama yake alikuwa nyuma ya vichanja vya dagaa, kamfunika mtoto kwa kanga, kasimama kimya kama mtu anayesubiri mvua ipite. Nikamsalimia, nikakaa chini. Muda ukapita. Nikamuuliza kwa upole kama anaogopa sindano.

Akatikisa kichwa. "Kadi ilipotea ziwani, upepo ulitupiga tukiwa tunahama. Nilikuja zahanati kuomba nyingine. Nikaambiwa mbele ya foleni nzima kwamba kadi ya Serikali naichezea kama karatasi ya vitumbua." Akaniangalia. "Ulikuwa ni wewe, dada."

Sikumbuki siku hiyo. Yeye anaikumbuka na maneno yake, na mwanawe alikaa miezi minane bila chanjo kwa sababu ya sentensi moja niliyoitamka nikiwa nimechoka. Nilimwomba radhi pale pale, nikaandika kadi mpya mikononi mwangu, tukaenda pamoja mezani. Alipochomwa mtoto alilia, mama naye akalia.

Kabla ya hapo nilikuwa nikisema, hata kwenye vikao vya wilaya, kwamba watu wa kambi "wanakataa chanjo". Niliporudi nilipitia majina yote ya waliokosa, sababu kwa sababu. Waliokataa kweli walikuwa familia mbili. Wengine wote ni dagaa, kadi, kuhama, au sisi.

Tulichobadilisha:

Kadi iliyopotea inaandikwa upya papo hapo bila maswali. Kama kumbukumbu haipo popote, dozi isiyoandikwa tunaihesabu kuwa haijatolewa. Kurudia hakumdhuru mtoto, kukosa ndiko kunakomdhuru.

Kila mtoto ana nakala ya kadi kwetu, kwenye sanduku la mbao lenye vyumba 12, kimoja kwa kila mwezi. Fundi seremala alilitengeneza kwa 25,000. Mtoto akichanjwa leo, nakala yake inahamia chumba cha mwezi wa dozi inayofuata. Mwezi ukiisha, nakala zilizobaki chumbani ndio watoto ambao hawakuja. Hakuna kupekua rejesta, hakuna umeme.

Kadi za kambini zinakaa kwenye bahasha ngumu za plastiki za kuwekea nyaraka, 500 moja, tulinunua 80.

24 Aprili

Maji ya ziwa yamepanda sana mwaka huu. Mahali tulipokuwa tunaweka meza kambi ya kwanza sasa pamefunikwa. Tumehamia chini ya michikichi, kivuli ni kizuri zaidi. Watoto 19. Hakuna la ziada.

6 na 7 Mei: Kabla ziwa halijafungwa

Nchi nne zinazopakana na ziwa, Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, zimekubaliana kusimamisha uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Kambi zitatawanyika. Hii ni safari pekee tuliyoifanya kwa makusudi wakati wa giza, kwa kuwa mbalamwezi ya Mei ingetukuta ziwa limeshafungwa. Ilibidi tupite na kibebeo katikati ya dagaa, tukimchanja mtoto mama akiwa anageuza. Inachosha, lakini kwa mara moja inawezekana.

Safari hii tuliuliza swali moja jipya, na kama unataka kuchukua kitu kimoja tu kwenye shajara hii, chukua hili: "Mwezi wa saba mtakuwa wapi?" Watoto walikuwa 68. Familia za 41 zilisema zinarudi mashambani ndani ya wilaya, 15 zinakwenda Kigoma mjini na wilaya jirani, 12 zinavuka ziwa. Tuliandika kijiji, kitongoji, na simu ya ndugu mmoja asiyehama, bibi au mjomba. Simu ya mvuvi haikamatiki. Ya mama mkwe wake inapatikana siku zote.

Juni na Julai: Mradi bila boti

Kazi yote ilikuwa simu na sanduku. Muda wa maongezi shilingi 15,000.

Kwa wale 56 waliobaki nchini, 44 walikuwa na dozi iliyofika wakati. Tulithibitisha 31 wamechanjwa huko walikokwenda, ama kwa picha ya kadi ama kwa neno la muuguzi wa huko. Kati ya 13 waliobaki, sita hatukuwapata kabisa. Saba walifika kituoni wakarudishwa, na hili limeniuma. Mama mmoja aliambiwa mtoto wake "si wa eneo letu, rudi ulikoanzia". Sitaki kumlaumu muuguzi yule. Kila kituo kina lengo lililopangwa kutokana na idadi ya watu wa eneo lake, na mgao wa chanjo unafuata lengo hilo. Mtoto mgeni anaonekana kama mtu aliyekuja kula chakula kisichopikiwa yeye. Lakini hakuna mwongozo unaosema mtoto mwenye kadi ahukumiwe kwa anwani.

Tulichofanya ni kitu kidogo: kabla mama hajaondoka nyumbani, nampigia muuguzi wa kituo anachokwenda, muuguzi kwa muuguzi. "Dada, nakuletea mtoto wangu, ana wiki 10, anahitaji penta ya pili." Hakuna aliyekataa baada ya simu. Watano kati ya wale saba walichanjwa hivyo. Mratibu wa wilaya alituunganisha kwenye kundi moja la WhatsApp, sasa tunatumiana picha za kadi.

20 na 21 Agosti: Wamerudi, na wageni

Ziwa lilifunguliwa mwezi ukiwa unakaribia kupevuka, kwa hiyo tulifika kabla ya giza la kwanza la uvuvi. Watu walikuwa wanajenga vibanda, wana muda, wana hamu ya kuongea. Safari bora kuliko zote. Watoto 22 ni wapya kwetu, tisa kati yao wametoka ng'ambo ya Kongo.

Mwenzangu alitaka kuanza upya kwa hao tisa kwa kuwa kadi zao ni za Kifaransa. Hakuna haja. Kadi ya Kongo ukiitazama kwa utulivu inasomeka: BCG, chanjo ya kifua kikuu, ni ile ile, Penta ni ile ile, wiki ni zile zile 6, 10 na 14, na VAR ni surua. Sita walikuwa na kumbukumbu nzuri kabisa, tukaendelea pale walipoishia. Mama mmoja, Mbembe, alicheka nilipomsomea tarehe za mwanawe kwa Kiswahili chake cha ng'ambo. Wale watatu wasio na kadi tulianza mwanzo.

Septemba hadi Novemba

Safari tatu, 18 Septemba, 17 Oktoba, 15 Novemba, kila moja na usiku wake. Hakuna chanjo iliyoganda. Oktoba injini ilizima katikati ya ziwa kwa saa moja na nusu. Kasha lilibaki nyuzi 5, sisi ndio tuliopata joto. Tumeongeza plagi ya akiba kwenye mfuko wa safari. Masanduku ya sindano zilizotumika tunarudi nayo zahanati kila mara, hatuachi hata moja kambini.

Jambo moja la kuangalia: homa baada ya penta. Akina mama wawili walikaribia kuacha kwa sababu mtoto "alichemka usiku kucha" na sisi tulishaondoka. Kwa kuwa sasa tunalala kambini, wale wanaochanjwa alasiri wanajua tupo mpaka asubuhi. Mmoja alituamsha saa 8 usiku. Mtoto alikuwa na homa ya kawaida, ananyonya vizuri. Tulimpima, tukampa mama maelekezo, tukakaa naye mpaka mtoto akalala. Asubuhi mama huyo alituletea wenzake watatu.

16 Desemba: Hesabu

Daftari la leo lina watoto 74 chini ya miaka miwili. Waliofikisha wiki 14 ni 61, waliomaliza penta ya tatu 47. Waliofikisha miezi 9 ni 41, wenye surua-rubela ya kwanza 35. Dozi sifuri ni watatu.

Gharama, kwa wanaotaka kupanga. Safari ya kutwa ya zamani: petroli lita 35 kwa 3,400 ni 119,000, nahodha 20,000, posho ya chakula watumishi wawili 20,000, WAJA wawili 20,000, jumla 179,000, na ilitupasa kwenda mara mbili kwa mwezi, 358,000. Safari ya kulala: petroli ile ile, nahodha 20,000, posho ya watumishi wawili 80,000, WAJA 20,000, jumla 239,000, mara moja kwa mwezi. Kwa mwaka tumefanya za kutwa mbili na za kulala tisa, jumla 2,509,000. Ongeza sanduku 25,000, bahasha 40,000 na muda wa maongezi 15,000. Yote ni 2,589,000. Hasara ya chanjo zilizoganda haimo humo, wala dozi za surua-rubela tulizomwaga.

Kisichokaa sawa bado: dozi ya pili ya surua-rubela, miezi 18. Mtoto akishatembea mama anaona amemaliza kliniki, na mimi sijapata njia. WAJA wamependekeza tuiunganishe na vitamini A inayotolewa Juni na Desemba; Desemba hii tumejaribu, wamekuja 11. Nitaandika zaidi nikiona Juni.

Wale watatu: mmoja alifika kambi ya nne siku moja baada ya sisi kuondoka, WAJA amempigia nahodha wetu. Wawili ni ndugu, baba yao ndiye mmoja wa wale waliokataa tangu Machi. Anasema mdogo wake aliugua baada ya sindano utotoni, na hataki kubishana. Safari iliyopita upepo ulikuwa mkali, akaingia majini mpaka kifuani kutusaidia kuvuta boti, akabeba kasha la chanjo begani mwenyewe hadi kwenye michikichi. Nilipomshukuru akasema, "Tutaongea, nesi, lakini si leo."

Mwezi mpevu unaofuata ni 13 Januari 2025. Tumeomba kulala kwake.